Spuli inapogoma: mwongozo kamili wa nguvu za oili ndani ya vali za haidroliki

Vali inaweza kuhama vizuri injini ikiwa imezimwa, ikahama tena mashine ikiwa haina mzigo, kisha ikagoma pale tu kazi inapokolea. Ukiisukuma kwa kitufe cha mkono, inasogea. Ukibadilisha koili, inagoma vilevile. Katika gereji nyingi hukumu hutolewa mapema: spuli, ile pini inayoteleza ndani ya vali, imekwama, lete msasa. Msasa huo ndio unaoua vali ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote, kwa sababu mara nyingi kinachoizuia spuli ni oili yenyewe inayopita.

Mwongozo huu ni wa fundi anayeshughulika na mashine za kubana matofali na mashinikizo ya Katwe nchini Uganda, tipa za mchanga, ekskaveta za machimbo ya mawe ya Mukono, au mitambo ya viwanda vya sukari kule Kakira na Kinyara. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: geji mbili za presha, multimita, saa ya simu, kikokotoo na maikromita inayosoma sehemu moja ya elfu ya milimita, yaani mikroni moja. Kupima kwanza, kufungua baadaye. Ukifuata utaratibu huo tu, vali nyingi zitapona bila kuguswa.

Spuli ina nini na inasukumwa na nani

Tuelewane kwanza kwa majina. Spuli ni pini ya chuma kigumu inayoteleza ndani ya tundu la bodi ya vali. Sehemu zake nene tutaziita mabega, sehemu nyembamba shingo. Bega linapofunika mlango, oili haipiti. Likisogea, ukingo wake mkali hufungua upenyo na oili huruka kuingia kwenye shingo au kutoka humo. Kati ya bega na tundu kuna mwanya wa mikroni chache tu, kwa vali za kawaida mara nyingi kati ya 5 na 15 ukipima kwa kipenyo. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi.

Nguvu za oili juu ya spuli ni za aina tatu, na kila moja ina dalili yake. Ya kwanza inavuta spuli kwa urefu wake, na inatokana na mwendo wa oili kwenye ukingo. Ya pili inaibana spuli upande mmoja wa tundu. Ya tatu hutokea kwa kitambo kifupi tu, wakati mkondo unapoongezeka au kupungua ghafla. Ukizichanganya utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Nguvu ya mkondo: kwa nini oili hufunga mlango inaoupita

Itazame shingo moja ya spuli. Ina kuta mbili zinazotazamana, kila moja ni uso wa bega. Milango yote ikiwa imefungwa, presha inazisukuma kuta zote mbili sawasawa na spuli haendi popote. Sasa fungua ukingo mmoja kidogo. Oili inayokaribia upenyo ule mwembamba inaongeza kasi sana, na oili inapoongeza kasi presha yake hushuka. Kwa hiyo ukuta ulio karibu na upenyo unasukumwa na presha pungufu, huku ukuta wa pili, uliotulia mbali na mkondo, ukiendelea kusukumwa na presha kamili. Tofauti hiyo inaipeleka spuli upande wa kufunga upenyo. Ni hivyo hivyo oili ikiingia au ikitoka kwenye shingo: kwa spuli ya kawaida yenye kingo kali, nguvu hii hufunga daima.

Shih-Ying Lee na John Blackburn wa MIT, Marekani, waliieleza kwa vipimo mwaka 1952. Mchirizi unaotoka kwenye ukingo mkali huinama kwa nyuzi 69 kutoka mstari wa spuli, na kinachoivuta spuli ni ile sehemu ya msukumo inayolala kwenye urefu wake. Kwa oili ya madini yenye uzito wa kilo 870 kwa mita ya ujazo, hesabu inafupika hivi:

Nguvu kwa niutoni = 0.077 × mkondo kwa lita kwa dakika × kipeuo cha pili cha tofauti ya presha kwa baa.

Andika hiyo kwenye ukuta wa gereji. Lita 60 kwa dakika zikipita ukingo mmoja kwa tofauti ya baa 50: kipeuo cha 50 ni 7.07, mara 60, mara 0.077, unapata niutoni 33 hivi. Oili hapo inaruka kwa kasi ya takriban mita 105 kwa sekunde. Na kumbuka vali ya njia nne hufungua kingo mbili kwa pamoja, mmoja wa oili inayokwenda kwenye silinda na mwingine wa oili inayorudi tangi. Fanya hesabu ya kila ukingo, kisha jumlisha. Solenoidi, yaani sumaku ya umeme yenye koili inayoisukuma spuli, kwa vali ndogo ya NG6 (NG ni namba ya ukubwa wa vali) ina nguvu ya makumi kadhaa ya niutoni, na sehemu yake inaliwa na springi. Ndiyo maana nguvu ya mkondo inaweza kuishinda bila kuwepo chembe hata moja ya uchafu.

Mahali inapowauma watu zaidi: silinda inaporudi

Chukua mashine ya kubana matofali yenye pampu ya lita 40 kwa dakika, silinda ya kipenyo cha mm 100 na fimbo ya mm 70. Pistoni inaposhuka kubana, lita 40 zinaingia upande mpana na lita 20 tu zinatoka upande wa fimbo. Tuseme ukingo wa vali unapoteza baa 10 kwa lita 40. Ukingo wa kuingilia unatoa niutoni 9.7, wa kutokea 2.5. Jumla ni 12, solenoidi haioni kazi.

Pistoni inaporudi mambo hugeuka. Lita 40 zinaingia upande wa fimbo, na kwa kuwa eneo la upande mpana ni karibu mara mbili, lita 78 zinasukumwa nje kupitia ukingo wa tangi. Tofauti ya presha hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo baa 10 zinakuwa 38. Ukingo huo peke yake unatoa niutoni 37, ukijumlisha na wa kuingilia unapata 47. Vali ni ile ile, pampu ni ile ile, lakini nguvu imekuwa karibu mara nne. Fundi atakwambia mashine "inabana vizuri ila haitaki kurudi", naye atakuwa ameieleza fizikia yote kwa sentensi moja.

Kuna kisa kibaya zaidi kwenye mashine za kubana. Kwa presha ya baa 200 oili hubanwa kwa asilimia 1.4 hivi. Silinda hiyo ikiwa imejaa kwa mwendo wa mm 300 ina lita 2.36 za oili, maana yake mililita 34 zimehifadhiwa humo kama springi. Vali ikigeuzwa ghafla, mililita hizo zikitoka ndani ya sekunde 0.02 ni sawa na mkondo wa lita 100 kwa dakika, tena kwa tofauti ya baa 200. Piga hesabu: 0.077 × 100 × 14.1, niutoni 109. Spuli inaanza kufungua, oili inaifunga, solenoidi inaifungua tena. Unasikia mlio wa kugongagonga, na hosi ya kurudi inaruka kama nyoka. Dawa ni kuachia presha polepole kabla ya kugeuza, kwa vali ndogo yenye tundu jembamba, au kuchelewesha amri ya kurudi kidogo huku njia ya kuachia ikiwa wazi. Kubadilisha spuli hakutasaidia kitu.

Kupima kabla ya kufungua

Hatua ya 1. Soma kibao cha vali: ukubwa, volti, alama ya aina ya spuli. Kama kibao kimefutika, angalia bolti zinazoshikilia vali kwenye bloku. NG6 hushikwa na bolti nne za M5, NG10 na bolti nne za M6.

Hatua ya 2. Pima mkondo halisi, usiamini kibao cha pampu. Endesha silinda mwendo unaoujua na ushike muda kwa simu. Kipenyo cha mm 100 kina eneo la sentimita 78.5 za mraba. Mwendo wa sentimita 30 ni lita 2.36; zikipita kwa sekunde 3.5, mkondo ni lita 40 kwa dakika. Kisha tafuta mkondo wa kurudi kwa kuzidisha na uwiano wa maeneo mawili ya silinda.

Hatua ya 3. Funga geji kwenye mlango wa P (pampu) na nyingine kwenye A (silinda), endesha bila mzigo, andika tofauti. Rudia kati ya B (upande wa pili wa silinda) na T (tangi). Kama huna mahali pa kufunga geji, tumia jedwali la mtengenezaji.

Hatua ya 4. Tia namba kwenye kanuni, kwa kwenda na kwa kurudi. Linganisha jibu na mchoro wa mipaka ya utendaji katika karatasi ya vali, ule unaoonyesha mkondo dhidi ya presha kwa kila aina ya spuli. Watengenezaji wengi huweka mchoro huo kwa hali ambayo njia zote mbili zinapitisha oili sawa. Ukiziba mlango wa A au B na kuitumia vali ya njia nne kama ya njia tatu, mipaka hushuka sana, na hilo liko kwenye maandishi madogo ambayo hayasomwi.

Hatua ya 5. Pima volti kwenye koili yenyewe vali ikiwa kazini, siyo kwenye betri. Koili ya volti 24 kwa kawaida huvumilia asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo chini ya 21.6 tafuta waya mwembamba, kiunganishi chenye kutu au swichi iliyoungua.

Koili ya wati 30 kwa volti 24 ina omu 19 ikiwa baridi na inavuta ampea 1.25. Ikipata joto la nyuzi 100, shaba inaongeza ukinzani kwa asilimia 31, na mkondo wa umeme unashuka hadi 0.95. Nguvu ya sumaku hufuata takriban mraba wa mkondo wa umeme, kwa hiyo unaweza kubaki na asilimia 60 tu. Vali iliyokuwa na akiba ya kutosha saa mbili asubuhi haina kitu saa nane mchana. Pima omu ikiwa baridi, pima tena mara tu inapogoma.

Jihadhari na koili za umeme wa mkondo geu wa volti 240. Hizo huvuta umeme mwingi sana mpaka kiini cha chuma kifike mwisho wa mwendo. Spuli ikizuiwa njiani, koili inabaki ikivuta umeme huo mkubwa hadi inaungua. Ukikuta koili ya aina hii imeungua, usifunge mpya mpaka ujue nini kiliizuia spuli, kwani nayo itaungua siku hiyo hiyo. Koili ya volti 24 za mkondo mnyoofu haina tabia hii.

Hatua ya 6. Jaribio linalotofautisha nguvu ya mkondo na mengine yote ni hili: punguza mwendo wa injini hadi nusu. Kwa ufunguzi ule ule, mkondo ukipungua nusu nguvu inapungua hadi robo. Vali ikikubali kwa mwendo mdogo na kugoma kwa mwendo mkubwa, mkosaji ni mkondo. Ikigoma baada ya kukaa dakika kadhaa chini ya presha bila oili kupita, mkosaji ni kubanwa pembeni. Ikigoma ikiwa moto tu, rudi kwenye koili. Ikigoma asubuhi tu, dakika chache baada ya oili kuanza kupata moto, soma sehemu ya joto hapa chini.

Kutibu nguvu ya mkondo

Dawa bora ni vali kubwa zaidi. NG10 mahali pa NG6 hupoteza presha kidogo kwa mkondo ule ule, na nguvu inashuka pamoja nayo. Mkondo ukiwa mkubwa sana tumia vali inayosukumwa na oili ya pailoti, ambapo solenoidi ndogo inaelekeza tu oili inayofanya kazi ya kusukuma spuli kubwa. Kwa vali hiyo, angalia dreni, njia inayotoa oili ya pailoti iliyokwisha kutumika. Kinachoisukuma spuli ni presha ya pailoti ukitoa presha ya dreni, kwa hiyo dreni iliyounganishwa kwenye bomba la kurudi lenye msongamano inaweza kuizima vali nzima.

Kwa silinda inayorudi, njia ya bei nafuu ni kuipunguzia vali mzigo: weka vali ya kuzuia inayofunguliwa na pailoti kwenye upande mpana, ielekeze sehemu kubwa ya oili tangi moja kwa moja bila kupita kwenye spuli.

Wengine huweka kizibo chenye tundu kwenye mlango wa P. Kinasaidia, ila kijue kinachofanya. Tundu la mm 2.5 lenye tofauti ya baa 50 hupitisha lita 20 hivi kwa dakika. Kama pampu inatoa 40, lita 20 zilizobaki zitapita kwenye vali ya usalama, na kwa baa 200 hizo ni kilowati 6.7 za joto tupu ndani ya tangi. Kwa kazi ya kuanza na kusimama inavumilika. Kwa mashine inayofanya kazi kutwa utakuwa umehamisha tatizo kutoka kwenye vali hadi kwenye oili.

Nguvu ya mkondo husaidiana na springi spuli inaporudi kati, ndiyo maana watu huiona upande wa solenoidi tu. Lakini kwenye vali ya nafasi mbili, springi ndiyo inayofungua njia ya pili, na hapo oili inapingana na springi. Spuli inarudi kwa uvivu au inasimama katikati. Kabla ya kukata springi mpya iliyo ngumu zaidi, kumbuka solenoidi itabidi iishinde springi hiyo pia.

Kwa ekskaveta picha ni tofauti, na hapa watu wengi hupoteza muda. Spuli kuu ya mm 25 ikisukumwa na pailoti ya baa 35 inapata zaidi ya niutoni 1,700 kabla ya kutoa springi. Nguvu ya mkondo kwa lita 200 na baa 20 ni 69 tu kwa ukingo. Haiwezi kuizuia. Spuli kuu ya ekskaveta ikigoma, pima pailoti kwanza, kisha fikiria kubanwa na uchafu.

Kubanwa pembeni

Hii ndiyo nguvu isiyoonekana kwa macho. Bega lingekuwa mviringo kamili katikati ya tundu kamili, presha ingelizunguka sawasawa. Lakini bega likiwa na umbo la koni hata kwa mikroni 2 au 3, na upande mnene ukawa ndio unaotazama presha kubwa, oili inayovuja kwenye mwanya hupoteza presha haraka upande ule ambao bega limekaribia ukuta. Upande wa pili presha inabaki juu. Bega linasukumwa ukutani, na kadiri linavyosogea ndivyo linavyosukumwa zaidi. Koni ikigeukia upande wa pili, upande mwembamba ukitazama presha kubwa, nguvu hiyo hiyo inalirudisha bega katikati.

Kwa hali mbaya kabisa nguvu ya pembeni inakaribia robo ya kipenyo mara urefu wa bega mara tofauti ya presha. Bega la mm 16 lenye urefu wa mm 12 kwa baa 200, yaani niutoni 20 kwa milimita ya mraba: 0.25 × 16 × 12 × 20, ni niutoni 960. Kwa msuguano wa sehemu moja ya kumi, solenoidi inahitaji niutoni 96 kuinyofoa spuli tu.

Ile mifereji myembamba inayozunguka bega, ambayo wengine wanadhani ni ya kuhifadhi oili, ipo kwa ajili hii. Inasawazisha presha kuzunguka bega. Mfereji mmoja hupunguza nguvu ya pembeni hadi asilimia 40, mitatu hadi asilimia 6 hivi. Mifereji ikijaa gundi ya kahawia ya oili iliyoungua, kinga yote imekwenda. Isafishe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, kamwe si kwa msumari wala ncha ya bisibisi.

Uchafu huongeza tatizo kwa njia ya kimya. Oili inayovuja polepole kwenye mwanya hubeba chembe ndogo, na chembe zenye ukubwa wa kukaribia mwanya hukwama humo moja baada ya nyingine. Spuli ikikaa chini ya presha kwa muda mrefu bila kusogea, inajengewa ukuta. Dalili ni kwamba nguvu ya kuinyofoa hukua kwa dakika, na ukizima pampu na kushusha presha mara nyingi inalegea. Mashine inayoshikilia mzigo kwa muda mrefu ipewe utaratibu wa kuhamisha vali mara kwa mara mzigo ukiwa chini.

Joto la ghafla

Kule Kabale, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, bodi ya vali huamka ikiwa baridi sana. Oili moto ikiingizwa ghafla, spuli ndogo hupata joto kabla ya bodi nene. Spuli ya mm 16 ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya bodi hutanuka kwa karibu mikroni 8. Mwanya wa mikroni 8 umekwisha. Ngoja, usilazimishe. Zungusha oili bila mzigo kwa dakika 10 au 15, huku ukihamisha vali mara kwa mara, ndipo uanze kazi.

Kufungua, kusoma na kusafisha

Ukifika hapa, una sababu ya kufungua. Shusha mzigo wote chini, zima injini, hamisha vali zote kila upande mara kadhaa, achia presha ya akiumuleta (chupa inayohifadhi oili kwa presha) kama ipo, thibitisha geji inasoma sifuri. Usitafute mvujo kwa kidole. Mchirizi wa presha kubwa hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na jeraha hilo dogo linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo hata kama mkono unaonekana mzima.

Osha bodi nje kwanza. Vumbi la murram lina mchanga mgumu, na likiingia wakati wa kufungua utakuwa umeleta ugonjwa mpya. Toa spuli kwa mkono, iweke juu ya karatasi safi, weka alama upande uliotoka, kwani spuli na tundu lake hulinganishwa kiwandani na havibadilishani na vya vali nyingine.

Sasa isome chini ya mwanga. Doa linalong'aa upande mmoja wa bega, na upande mmoja wa bega la mwisho jingine, ni kubanwa pembeni. Mikwaruzo mirefu ni chembe. Rangi ya kahawia isiyotoka kwa kitambaa ni oili iliyopata joto kupita kiasi. Ukingo uliomegwamegwa kama ulioumwa na panya ni kazi ya mchirizi wa kasi na viputo. Pima kila bega kwa maikromita kwenye ncha zote mbili, kisha zungusha nyuzi 90 upime tena. Tofauti ya mikroni 3 ina maana.

Osha kwa mafuta ya taa yaliyochujwa, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Uzi wa pamba wa gereji usiingie hapa. Msasa wa namba 400 una chembe za mikroni 35, mara tatu au nne ya mwanya wenyewe. Zikijichomeka kwenye chuma cha bodi zitaendelea kusaga spuli hadi mwisho wa maisha yake. Zaidi ya hayo, msasa huviringisha ukingo. Ukingo mkali ndio unaoamua pembe ya mchirizi na mahali vali inapoanza kufungua, na ukishaviringika vali inavuja na kuanza kufungua mapema. Fundi yeyote akiomba msasa, mnyime.

Spuli mpya ya kuchongwa kwa lathe bila kusagwa kwa grainda ya mviringo isikubaliwe hata kama inaingia vizuri. Lathe ya kawaida huacha koni ya mikroni kadhaa, na umeshaona kinachofanywa na koni.

Jaribio la mwisho: pakaa oili safi, simamisha bodi ili tundu liwe wima, ingiza spuli. Ishuke kwa uzito wake yenyewe, taratibu, bila kusita. Izungushe robo, jaribu tena, mpaka umalize mzunguko.

Kurudisha

Uso wa bloku unaokaa vali uwe bapa, usizidi mm 0.01 kwa kila mm 100. Kaza bolti kwa kuvuka, hatua mbili au tatu, kwa toki renchi. M5 za NG6 huwa kati ya 6 na 9 Nm, M6 za NG10 kati ya 12 na 16. Kitabu cha vali kikisema tofauti, fuata kitabu. Bolti zilizokazwa kwa nguvu za mkono peke yake hupinda bodi, tundu linakuwa yai, na spuli iliyoshuka vizuri mezani inabanwa ikifika kwenye mashine. Ukishuku hilo, presha ikiwa sifuri, legeza bolti nusu mzunguko. Spuli ikiachia, umepata jibu.

Oili mpya kutoka kwenye pipa haina usafi wa kutosha. Ipitishe kwenye kichujio cha mikroni 10 inapoingia tangi. Vali za solenoidi hulengwa usafi wa 20/18/15 kwa kipimo cha ISO 4406, ambapo namba 20 inaruhusu kati ya chembe 5,000 na 10,000 za mikroni 4 na zaidi katika mililita moja. Vali za proposheno, zile zinazofungua kidogo kidogo kulingana na umeme, zinataka 18/16/13. Jerikeni iliyobeba maji au mafuta ya kupikia isitumike hata ikioshwa, na kipuri kikae ndani ya kaveera yake (mfuko wa plastiki) hadi dakika ya kukifunga.

Vali inayopiga yowe

Nguvu ya tatu hutokea mkondo unapobadilika ghafla, kwa sababu oili iliyo kati ya milango miwili ina uzito na inakataa kuharakishwa. Ni ndogo: safu ya mm 20 ikibadilika lita 60 kwa dakika ndani ya sekunde 0.01 inatoa chini ya niutoni 2. Tatizo lake ni upande inakoelekea. Kulingana na mpangilio wa milango, inaweza kutuliza mtikisiko wa spuli au kuuchochea, na ikiuchochea vali hupiga yowe la sauti moja kwa mkondo fulani tu. Toa hewa kwanza kwenye bomba la solenoidi, kwani oili iliyo humo ndiyo inayotuliza spuli na hewa haiwezi. Angalia bomba la tangi lisiwe na presha inayopandashuka, na urudi wa oili uishie chini ya uso wa oili tangini. Kwa vali za pailoti, tundu la mm 0.8 hadi 1.2 kwenye njia ya pailoti hupunguza kasi ya spuli na yowe hukoma. Ukibadilisha tundu, badilisha kwa hatua ndogo, na pima tena muda wa silinda baada ya kila badiliko.